Doa Jekundu kwenye Ncha ya Ubao

Wadogo zangu wa ateliye, karakana yetu ya mbao,

Siku mliponiaga mlinipa saa ya ukutani na limonadi ya moto, halafu mmoja wenu, sitamtaja ingawa anajijua, akaniuliza mbele ya watu wote: "Papa Déo, sasa tunaweza kuacha kuvunja mbao?" Mlicheka. Mimi pia nilicheka, kwa sababu siku ya kuagwa mtu hucheka tu. Kwa miaka mingi mmeniona nikikata ufito kutoka kila ubao unaoingia, nikiuvunja juu ya goti kabla sijamruhusu mtu kuufanya gongo la mgonjwa. Mmesema ninapoteza mbao. Mmesema ni ugonjwa wa wazee. Basi nimestaafu, goti linaniuma kwelikweli, na nafasi ya kuwaeleza ninayo. Nitaandika Kiswahili cha shule kama mapadri walivyotufundisha, lakini watu wangu nitawaacha waseme kama tunavyosema hapa Bukavu, maana wakianza kuongea kama kitabu sitawatambua.

Niliingia ateliye ya hospitali nikiwa kijana mwenye brevet, cheti cha ufundi, mfukoni na maneno mengi mdomoni. Wakati ule tulikuwa watu wawili tu: mimi, na Muzee Bulambo aliyenipokea. Yeye alikuwa mpasua mbao kutoka Bunyakiri, mfupi, mkali, mwenye vidole saba, na hakuamini diploma. Kazi yetu ilikuwa moja: kuwatengenezea magongo ya kutembelea, ambayo sisi sote hapa tunaita bekiyi, watu waliokatwa mguu au waliozaliwa na mguu usiofanya kazi. Asubuhi ya kwanza hakuniuliza jina. Alinionyesha rundo la mbao za karatusi, akasema nichague moja ya bekiyi.

Nilichagua kwa akili yangu ya shule. Nilichukua ubao uliopasuliwa katikati kabisa ya gogo, wenye rangi nzuri, ile kahawia inayokaribia nyekundu.

"Juu ya nini hii?" aliniuliza, yaani kwa nini hii.

"Juu iko moyo ya muti, Muzee. Moyo ndiyo iko na nguvu."

Alikata ufito, akauweka juu ya goti, akaukandamiza mara moja. Ta! Ulikatika kama mkate mkavu. Kisha akachukua ufito wa unene uleule kutoka ubao wa pembeni, ule uliopakana na ganda, akanipa niuvunje mwenyewe. Niliukandamiza mpaka goti likaingia alama. Ulipinda, ukalia, ukatoa nyuzi ndefu, lakini haukukatika vipande viwili.

"Ulisomea wapi bujinga hii?" alisema. "Moyo ni ya kupendea bibi. Haiko ya kubebea mutu."

Nyinyi mnalijua jambo hili kwa kuwa niliwapigia kelele, lakini wengi wenu hamjui sababu, kwa hiyo nirudie. Mti hauwi mtu mzima mahali pamoja. Unapoanza kukua una haraka, unataka jua, unajenga mbao nyepesi, legevu. Na mbao zile za utotoni hazitoki, zinabaki katikati mpaka siku ya shoka. Mbao za utu uzima zinajengwa nje, mwaka juu ya mwaka, nzito zaidi na ngumu zaidi. Karatusi tena ana ubaya wake. Anajikaza upande wa nje kama mwanamke anavyojifunga kitenge kwa nguvu. Mbao za nje zinavuta, za ndani zinabanwa, mpaka nyuzi za moyoni zinavunjikavunjika humohumo mti ukiwa bado umesimama. Jicho halioni kitu. Mtu anapitisha raboti, randa yetu, juu yake, unang'aa, anausifu.

Muzee Bulambo hakueleza hivyo. Yeye alikuwa na chupa. Ilikuwa chupa ndefu nyembamba ya kioo iliyotupwa na maabara kwa sababu mdomo ulivunjika. Alikata vijiti vitatu vya urefu mmoja kutoka gogo moja: kimoja cha moyo, kimoja cha katikati, kimoja cha ubavu, karibu na ganda. Alivikausha siku nyingi jikoni, juu ya jiko ambalo masera, watawa wa hospitali, walichemshia vyombo vya upasuaji, na walimgombeza kila walipovikuta. Kisha akajaza maji ndani ya chupa, akatumbukiza kimoja kimoja, wima. Cha moyo kilizama nusu, nusu ikabaki juu ikichungulia. Cha katikati kilizama zaidi. Cha ubavu kilizama karibu chote, ikabaki ncha tu, kama pua ya mtu anayeoga ziwani.

"Muti moja," alisema Muzee. "Batu batatu."

Alinifundisha na mengine. Kwamba gogo la chini kabisa, karibu na mizizi, ni zito lakini nyuzi zake zimejisokota. Kwamba la kufuata ndilo la bekiyi. Kwamba la juu, penye matawi, ni vifundo na moyo mtupu. Kwamba mti uliokua umeinama kwenye mteremko, na hapa kwetu mti gani haukukua kwenye mteremko, una upande unaovuta, na ubao wake ukikauka unatambaa kama nyoka. Na alikuwa na makopo mawili ya rangi. Kila ubao ulipopasuliwa, kabla ya kupelekwa kukaushwa, alipaka doa kwenye ncha: jeupe kwa ubavu, jekundu kwa moyo. Mweupe ni wa watu. Mwekundu ni wa rafu, masanduku ya dawa na nyumba ya kuku ya masera. Kwa miaka yote niliyofanya kazi naye, hakuna ubao mwekundu uliombeba mtu. Kuku wale waliishi vizuri kuliko sisi.

Halafu ikaja miaka ile ya vita. Kwanza walikuja wakimbizi kutoka ng'ambo ya mto Ruzizi, wengi mno, nao walipika kama watu wote wanavyopika. Vilima vikanyolewa. Mimi siwalaumu, ukiwa na mtoto anayelia na maharage mabichi kwenye sufuria, mti wowote ni kuni. Lakini baada ya pale hatukuona tena karatusi mnene. Watu walipanda, wakakata kabla haujanenepa, wakapanda tena, wakakata tena. Siku moja yalishushwa magogo mbele ya ateliye, Muzee Bulambo akayazunguka, akapiga moja teke.

"Déo, ona. Hii yote iko batoto," alisema. "Iko moyo tu. Ubavu, hakukuwa wakati ya kuijenga."

Vita ya kwanza ilipoingia mjini, alitaka kujua hali ya watu wake Bunyakiri. Nilimwambia asubiri. Alinijibu kwamba mimi nimezoea kusubiri kwa sababu nilisoma. Aliniachia chupa yake, ameifunga ndani ya shati la kazi, na makopo mawili ya rangi, akaniambia: "Usipakaze rangi ya uongo." Akaondoka kwa mguu na kafuko kamoja, akisema atarudi baada ya wiki moja. Niliuliza kila mtu aliyetoka kule. Mama mmoja alisema alimwona kwenye barabara ya Hombo, anatembea. Mpaka leo sijui kaburi lake liko wapi, wala kama analo. Nilimlilia nikiwa nasukuma raboti, maana kazi haikupungua, iliongezeka.

Vita ya pili ilitukuta na stoki ndogo ya mbao nyeupe ambazo Muzee na mimi tulizikausha miaka miwili. Waliingia wanajeshi na kamioni, lori lao, mchana kweupe. Mimi nilisimama mlangoni na raboti mkononi kama mjinga. Walichukua zote ndefu na nyoofu, wakatengenezee viti vya kamioni au wakapikie, sijui, hawakuniandikia barua. Walichoacha ni rundo la mbao fupi zenye doa jekundu.

Masera aliyesimamia hospitali alikuja kutazama. "Déo, fanya na ile iko," alisema.

"Masera, ile iko ni ya kuku."

"Batu mia moja banalala pale, Déo. Kuku iko ngapi?"

Kuku walikuwa wameliwa zamani. Basi nilifanya na ile iko, yaani zilizobaki. Nilizitengeneza bekiyi nene kuliko kawaida, nikazifunga kwa bati mahali pa mkono, na kila niliyempa nilimwambia usoni: hii ni mbao ya moyo, tembea polepole, usiruke, usikimbie nayo. Walinisikiliza kama watu wanavyomsikiliza padri wakati wa mvua. Lakini niliwaambia. Naomba mkumbuke kwamba niliwaambia, kwa sababu kuna mmoja sikumwambia.

Jina lake lilikuwa Nabintu, mke wa watu kutoka Mumosho. Alikanyaga bomu kwenye njia ya shamba lake la mihogo, wakamkata mguu wa kushoto juu ya goti. Mume wake alikuwa amekwenda kutafuta maisha kwenye machimbo, na hakuna aliyejua kama yuko hai. Watoto wake wawili walibaki Mumosho na mama mkwe wake. Kidonda chake kilikataa kupona kwa miezi, na alipoanza kuweza kukaa, alichoka na harufu ya wodi, akawa anabebwa kwenye kiti mpaka mlangoni pa ateliye. Hakujua kukaa bure. Alinichukulia karatasi ya msasa mezani bila ruhusa, akaanza kusugua vishikio vya bekiyi za wengine.

Alikuwa na mdomo, yule mama. "Papa Déo, unitengenezee muguu ya karatusi," aliniambia siku moja. "Bwana yangu akirudia, atapata kuni ku nyumba."

Siku nyingine aliuliza maana ya madoa mekundu, nami nikamweleza yote: moyo, ubavu, chupa, kila kitu. Nilimwonyesha hata vijiti vikizama. Alifurahi kama mtoto wa shule.

"Kumbe nyekundu ni ya kuku?"

"Ya kuku."

"Mi siko kuku, Papa. Mi utanipatia nyeupe."

Nilimuahidi. Na nilikuwa nayo nia, msidhani sikuwa nayo. Padri mmoja wa upande wa Nyantende alikuwa na karatusi wa zamani nyuma ya kanisa, mnene, wa mwisho nilioujua, na alikubali tuukate. Tuliuangusha, tukaupasua, nikapaka madoa meupe kwa furaha. Lakini karatusi hakaushwi kwa haraka. Ukimharakisha anapasuka kutoka ncha mpaka ncha. Ilibaki miezi mitatu, nilimwambia Nabintu, miezi mitatu tu.

Hakuwa na miezi mitatu. Mtu mmoja wa Mumosho aliyekuja kumwona mgonjwa wake alimletea habari: kule watu wanakimbia na kurudi, wanakimbia na kurudi, na mama mkwe wake magoti yanamsumbua, hawezi kubeba watoto wawili. Asubuhi ile Nabintu hakusugua kitu. Alikaa mlangoni, mikono juu ya kisiki cha paja lake.

"Papa Déo, nitaenda yuma ya Poshi," alisema. Yuma ya Poshi kwetu ni Jumatatu. Alikuwa na Mashi yake, lugha ya nyumbani, ndani ya Kiswahili kama sisi sote. "Nipatie bekiyi."

Niliingia ndani. Nilichagua ubao mwekundu ulio bora, kama kuna ubora. Niliupima, nikaupiga raboti. Doa jekundu lilikuwa kwenye ncha, pale litakapogusa chini, na lingeonekana kila anapoinua gongo. Nilichukua msumeno nikalikata. Kipande cha urefu wa shubiri kikaanguka ndani ya maranda, nikakifunika kwa mguu, kisha nikaupasua ubao kupata bekiyi mbili. Nilifanya hivyo kwa mkono wangu huu, nikiwa na akili timamu.

Mtaniuliza kwa nini. Nimejiuliza zaidi yenu. Nilikuwa nimechoka kuwaambia watu habari mbaya. Wote pale ndani walikuwa wanamwambia Nabintu mabaya: daktari, masera, wageni. Nilitaka mimi niwe mtu mmoja aliyempa kitu kizuri. Na kulikuwa na kiburi ndani yake, sitakificha: alikuwa amenisifu sana mbele ya watu.

Alisimama uwanjani. Alikwenda mpaka kwenye robine, bomba la maji, akarudi. Akaenda tena, mbio mbio. Wagonjwa walipiga makofi madirishani, masera mmoja akajifuta macho. Bekiyi haikulia hata kidogo. Hapo nawaomba msikilize, maana ndipo seremala anadanganyika: moyo wa karatusi, ukiutwika uzito polepole unavumilia, unakuonyesha uso mzuri. Ukiushtua unakatika bila kuonya. Mbao ya ubavu hulia kwanza. Hutoa nyuzi, hukuachia nafasi ya kuitupa na kushika kitu kingine.

Alikuja mpaka mbele yangu, anahema, jasho mdomoni.

"Papa, ni nyeupe?"

"Ni nyeupe."

"Nitaweza kukimbia nayo?"

"Utakimbia, mama," nilimwambia.

Alicheka, akanishika mkono kwa mikono miwili, bekiyi zimebanwa kwapani. Jumatatu akapanda kamioni ya watu waliokwenda upande wa Ruzizi.

Baada ya pale nilitafuta kile kipande ndani ya maranda. Nilikipata. Nilikikata ufito, nikauvunja juu ya goti. Ta. Nilijua tangu mwanzo, lakini ni siku ile nilipoanza kuvunja, baada ya kazi badala ya kabla. Miezi mitatu ikapita, mbao za Nyantende zikakauka, nami nikatengeneza jozi moja nyeupe, nikaiweka juu ya rafu. Nilimtumia habari kwa kila mtu aliyekwenda Mumosho: aje abadilishe. Sikujua kama ilifika.

Aliyekuja ni mama mzee mwenye miguu iliyovimba, asubuhi moja ya mvua. Alisimama mlangoni, kitu kirefu kimefungwa ndani ya kitenge mgongoni kama mtoto.

"Ni weye Papa Déo?"

"Ni mimi, Maman. Karibu, ukae."

Alikaa mahali palepale Nabintu alipokaa. Alikuwa mama mkwe wake. Alifungua kitenge taratibu: bekiyi moja nzima, na nyingine vipande viwili.

"Batu ba bunduki balikuya saa tatu ya asubui," alisema. "Tulikimbia shiye yote. Yeye alikuwa mbele yangu, Papa. Mbele! Mi niko na miguu mbili, na yeye alikuwa mbele. Batoto banamufwata. Kufika ku mufereji aliruka, bekiyi ikakatika. Akaanguka mule. Nikafika, nikamushika mukono. Akaniambia: Maman, kamata batoto, muende. Nilikamata batoto. Tulirudia kisha siku tatu, tukamuzika."

Nilichukua vile vipande viwili. Mahali palipokatika palikuwa laini, sawasawa, kama sabuni iliyokatwa kwa uzi. Hakukuwa na unyuzi hata mmoja.

"Batoto beko?" niliuliza.

"Beko. Asanti Mungu." Kisha akainua kipande kirefu. "Papa, magoti yangu inauma sana. Hii iko murefu ya kutosha. Unifanyizie fimbo."

Niliikimbilia rafu, nikaleta ile jozi nyeupe. Nilimwambia achukue hii, ni mpya, nitaikata iwe fimbo, ni bora mara kumi. Sauti yangu ilikuwa ya mwizi anayebembeleza. Alizitazama kwa adabu, akazirudisha mezani.

"Hapana, Papa. Nataka hii ya Nabintu. Alikuwa anaisifia batu yote kule. Anasema: Papa Déo alinipatia nyeupe, haiko ya kuku."

Nilikuwa na mdomo, na yeye alikuwa na masikio, na hapakuwa na mtu mwingine ateliye. Ningeweza kusema. Nilichukua kile kipande, nikakiweka kwenye meza ya kazi, nikakilainisha kwa raboti, nikakifungia mpira chini.

"Utembee polepole na hii, Maman. Usiruke."

"Mi niruke?" Alicheka kidogo. "Na magoti gani?"

Alisimama, akaijaribu fimbo sakafuni, tap, tap, akaridhika. Aliishika mikono yangu, akaigeuza viganja juu, akaiangalia kama mtu anayesoma.

"Koko bwenene," alinishukuru kwa Mashi. "Mungu abariki hii mikono."

Nilisema: "Amina."